Firigisi ya Gredi ya Nane

Mwalimu mkuu wetu ana methali moja anayoipenda kuliko chai ya saa nne: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Huitoa gwarideni, huitoa kwenye mkutano wa walimu, na muhula ule wa pili aliitoa mlangoni mwa darasa langu, wanafunzi wangu wa gredi ya nane wakiwa wameketi kimya wanamsikiliza.

"Mwalimu," aliniambia, "wiki ijayo afisa wa elimu anakuja kukaa ndani ya somo lako. Akisema hapana, muhula wa tatu darasa hili linakwenda kwa mwenzako, nawe utashuka kule kwa wadogo. Nimekwambia mara nyingi. Asiyesikia la mkuu..."

"Huvunjika guu," darasa zima likammalizia kwa sauti moja, na kwa adabu kabisa, kwa sababu ndivyo tulivyozoea kumwitikia gwarideni. Akasimama pale kidogo, hajui acheke au atafute fimbo ambayo serikali ilikwisha kumnyang'anya. Kisha akaenda zake.

Shida yake na mimi ilikuwa madaftari. Nafundisha sayansi katika sekondari msingi, shule yetu iko nje kidogo ya Malinya, na mwenzangu wa darasa la jirani huwasomea wanafunzi wake maelezo kuanzia kengele hadi kengele. Madaftari yake yamejaa hadi kwenye jalada la nyuma. Mzazi akilifungua moja anaona wino, anaridhika. Ya wanafunzi wangu yana michoro iliyofutwa na kuchorwa tena, maswali yasiyo na majibu, na ukurasa wenye madoa ya mafuta kwa kuwa tulikuwa tunaponda karanga, mahindi na maharagwe kwenye karatasi kuona mbegu ipi ina mafuta. Mzazi akiona doa anasema mtoto alikuwa anakula mandazi darasani.

Halafu kulikuwa na kelele. Sikatai, darasa langu lina kelele. Lakini kelele ya watoto wanaocheza naijua, na kelele ya watoto wanaobishana juu ya jambo naijua pia, na mtu mwenye masikio mazima hawezi kuzichanganya. Vitabu vyetu vya sayansi ni vya Kiingereza. Nami nilikuwa nawaacha waanze ubishi kwa Kiswahili, na ukipamba moto wahamie lugha ya nyumbani, mpaka jambo lenyewe liwe limeeleweka. Ndipo tunakaa chini tunaliandika kwa Kiingereza. Mtoto hajui kitu mpaka amekishika, amekigombania na amekikosea angalau mara moja. Hilo sikulisoma chuoni. Nimeliona kwa macho yangu, na sitabishana na mtu juu yake.

Nililipenda darasa lile, niseme wazi. Nililipokea gredi ya saba, watoto wanaoogopa hata kuuliza ruhusa ya kwenda msalani, na sasa walikuwa wananibishia mpaka natoka jasho. Wazo la kuwakabidhi kwa mtu wa kuwasomea maelezo lilinisumbua wiki nzima. Mwenzangu mwenyewe, ambaye si mtu mbaya, alinisogelea chumba cha walimu akaninong'oneza: "Siku hiyo moja tu, dada. Andika ubaoni, wanakili, afisa aondoke zake. Utarudi kwenye mambo yako kesho yake." Nilimshukuru kwa moyo wote. Kisha nikamwambia kwamba kama nitanyang'anywa darasa, basi nitanyang'anywa nikiwa nafundisha.

Nikachagua swali la kuku. Kuku hana meno, na anakula mahindi makavu. Anayatafuna vipi?

Kuku wa somo nilimtoa nyumbani, tetea mzee aliyekwisha kuacha kutaga na kubakiwa na ukali peke yake. Mume wangu aliponiona namfunga miguu aliniuliza jambo moja tu: na imondo? Imondo ndiyo firigisi. Kwetu firigisi haikatwi wala haigawanywi. Ni ya mwenye nyumba, na mwenye nyumba ni mwanamume. Akija mgeni mkubwa, mwenye nyumba anaweza kumwachia kwa heshima. Mama yangu alichinja kuku maisha yake yote na sijui kama aliwahi kuionja. Mimi nami nimeolewa miaka mingi, kuku ni wangu, mahindi wanayokula nimeyalima mimi, na kila Jumapili naibeba firigisi nzima kwenye bakuli nampelekea mwenye nyumba, naye huila akinitazama kwa macho ya kunichokoza. "Ya leo inakwenda kusoma," nilimjibu. Akasikitika kweli, maskini.

Siku ya somo ilikuwa Alhamisi. Tetea alichinjwa asubuhi nyuma ya jikoni la shule, na nikaliachia kundi la wanafunzi wachache kazi ya kumnyonyoa na kumfungua. Kisu nilimpa msichana mmoja ambaye mkono wake hautetemeki. Huyu alikuwa mbishi wa kwanza darasani, mwenye sauti inayofika barabarani. Mama yake husafisha dhahabu kule kwenye machimbo ya Ikolomani, na binti amerithi subira ya mama yake mikononi, ingawa mdomoni hakurithi chochote. Nikawapa maagizo: toeni viungo vyote vya chakula, msikate kitu, vipangeni kwenye sinia kwa mfuatano, kuanzia mdomo hadi kule mwisho. Nikayarudia mara mbili. Kisha nikaitwa ofisini, afisa ameshafika.

Alikuwa mtu mzima, mrefu, wa Lugari, suti ya kijivu na viatu vilivyopigwa rangi hadi kwenye soli. Tulisalimiana. Aliniuliza habari za mvua. Mwalimu mkuu alikuwa ameketi pembeni yake anatabasamu kwa wasiwasi, kama mtu aliyeleta ng'ombe mnadani bila kuwa na uhakika na miguu yake. Nami sikuwa na wasiwasi hata kidogo. Nililijua somo langu. Nilijua ni wakati gani nitauliza swali, nani atajibu vibaya, nani atamrukia, na ni wakati gani nitaipasua firigisi mbele yao wote ili mawe yamwagike kwenye sahani nyeupe na darasa lipige kelele. Nilikuwa nimeisubiri kelele hiyo wiki nzima.

Tukaingia darasani. Sinia ilikuwa mezani, imefunikwa kwa kitambaa safi. Nikauliza swali langu. Ubishi ukaanza vizuri: mmoja akasema kuku humeza tu na mahindi huyeyuka, mwingine akasema haiwezekani, kwani hata mahindi ya githeri huchemshwa nusu siku na bado ni magumu. Afisa aliketi nyuma na kalamu yake. Nikafunua kitambaa kwa madaha. Ulimi upo. Koo lipo. Kile kifuko cha shingoni kipo, kimejaa mahindi. Utumbo mrefu upo, umezungushwa vizuri. Na katikati, pale ambapo firigisi ilipaswa kuwa, palikuwa na nafasi tupu, imeachwa kwa uangalifu kabisa, mtu angedhani ni kiti cha mgeni rasmi.

"Iko wapi?" nikauliza.

Msichana akanyanyuka, akaenda kwenye kabati, akarudi na bakuli lililofunikwa kwa sahani. Firigisi ilikuwa ndani. Imepasuliwa, imemenywa ngozi yake ya ndani, imesuguliwa kwa chumvi na kuoshwa mpaka inang'aa. Hakuna jiwe. Hakuna hata punje ya mchanga. Mpishi wa harusi asingeisafisha vizuri zaidi.

"Nilisema msikate kitu!"

"Mwarimu, imondo inasafishwanga kwanza," akajibu, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu aliitazama sakafu. Rafiki yake akamvuta sweta. Kule nyuma afisa alikohoa, na nilipomtazama niliona anajizuia kucheka. Alikuwa amelitambua bakuli lile. Mtu mzima wa kwetu haoni imondo kwenye bakuli lililofunikwa akakosa kujua kuna mgeni anayeheshimiwa. Ndivyo nilivyoelewa na mimi, na hasira ikanipanda hadi utosini. Watoto niliowafundisha kuuliza na kubisha, siku ya siku wamemwona mzee mwenye suti wakakumbuka adabu zao zote za nyumbani, wakaniharibia somo ili mgeni apate firigisi safi!

"Vilivyokuwa ndani mmevitupa wapi?"

"Tumemwaga na maji. Hapo kwa migomba."

Mwalimu mkuu, aliyekuwa amesimama mlangoni, akatikisa kichwa polepole. "Maji yakimwagika hayazoleki," akasema, kwa huruma ya kweli.

Sijui kama ni methali iliyonichokoza au ni huruma. "Maji hayazoleki, Mwalimu Mkuu," nikasema. "Mawe yanazoleka. Twendeni nje, wote."

Tukatoka wote, darasa zima, na afisa nyuma yetu akiruka madimbwi kuokoa viatu vyake. Chini ya migomba kulikuwa na matope, manyoya, majivu ya jikoni na kila kitu ambacho wapishi hawakitaki. Watoto wakainama wakaanza kuokota mawe yoyote yale, na nikaona mara moja kwamba hatutafika popote, maana udongo wetu umejaa changarawe. Nani atajua lipi ni la kuku na lipi ni la Mungu?

Msichana hakuinama. Alisimama akitazama ule mteremko mdogo ambapo maji yalikuwa yamepita. Kisha akakimbia jikoni akarudi na karai na ndoo ya maji. Akachota udongo wa juu tu, pale maji yalipotuama, akautia ndani ya karai, akachuchumaa. Akaanza kulizungusha. Zungusha, inamisha, mwaga kidogo. Zungusha, inamisha, mwaga. Matope yakatoka, majani yakatoka, manyoya yakaelea yakaenda. Kila mtu kwetu amewahi kuona dhahabu ikitafutwa hivyo, lakini hakuna aliyewahi kuona yakitafutwa mawe ya firigisi. Hata wapishi wakatoka na miiko yao.

"Ukipata dhahabu ni ya shule!" mwalimu mkuu akasema, na watu wakacheka, na hapo nikajua kwamba somo langu limerudi.

Kilichobaki chini ya karai kilikuwa changarawe, na ndani yake, yakiwa yamejitenga kwa namna yao, mawe madogo ambayo hayakuwa na pembe. Yalikuwa laini, ya mviringo, mengine meupe. Kulikuwa pia na kipande cha kioo cha chupa ambacho makali yake yote yalikuwa yamekwisha, unaweza kukisugua kwenye shavu. Na ile ngozi ya njano ya ndani ya firigisi ilipatikana imenaswa kwenye shina la mgomba, ngumu, yenye mikunjo. Nilikuwa nimepanga kuwaonyesha mawe. Sikuwa nimepanga walinganishe mawe ya ndani na ya nje, na sasa walikuwa wanafanya hivyo wenyewe, wamechuchumaa kwenye matope, viganja viwili viwili.

"Mbona hizi zimekuwa raini?" mvulana mmoja akauliza.

Sikujibu. Kazi ngumu kuliko zote katika ualimu ni kufunga mdomo, na kwa mtu wa mdomo kama mimi ni ngumu maradufu. Nilinyamaza. Wakaanza. Mawe yamesuguana. Yamesuguana na nini? Yenyewe kwa yenyewe, na mahindi katikati. Nani ameyasugua? Hiyo nyama ya imondo, ndiyo maana ni nene hivyo, inabana na kuachia. Mwongo wewe, nyama haiwezi kusaga mahindi. Basi tujaribu.

Tukajaribu. Wapishi walitupa mahindi ya githeri yaliyokuwa yamelowekwa tangu jana yake. Chupa moja ya plastiki tukatia mahindi na maji, ya pili tukatia mahindi, maji na mawe, na ikabidi zitikiswe. Kutikisa chupa ni kazi ya kuchosha, kwa hiyo mtu akaanzisha wimbo, mwingine akapiga ndoo kama ngoma ya isukuti, na chupa zikapita mkono kwa mkono. Zilimfikia hata afisa. Alivua koti, akamkabidhi mwalimu mkuu alishike, akatikisa kwa mabega yote mawili kama mtu aliye kwenye ngoma ya kwao. Tulipozifungua, chupa ya kwanza ilikuwa na mahindi yale yale, mazima. Ya pili ilikuwa na uji mzito na mahindi yaliyopasuka. Ile kelele niliyoisubiri wiki nzima ilikuja pale chini ya migomba, na ilikuwa kubwa kuliko nilivyoipanga.

"Na kuku wa kufungiwa," afisa akauliza akijifuta jasho, "yule anayepewa chakula cha unga tangu kifaranga?"

Wakatazamana. "Imondo yake itakuwa regevu," msichana akasema. "Haifanyangi kazi." Afisa akacheka akaandika kitu. Kisha tukarudi darasani, tukaketi, na kila mmoja akaandika kwa Kiingereza alichokiona, kwa maneno yake mwenyewe, na kwa mara ya kwanza muhula ule mwalimu mkuu alipita kati ya madawati akiangalia madaftari bila kuguna.

Lakini hakuna aliyesema lolote kuhusu darasa langu. Kuku alirudishwa jikoni, akapikwa, na saa ya chakula tukaketi kwenye chumba cha walimu: afisa, mwalimu mkuu, mwenzangu wa jirani, walimu wengine na mimi. Wanafunzi waliachiwa mchuzi. Niliketi pale nikiwa na furaha ya somo na uchungu wa kutojua, vyote pamoja, na njaa imeniisha. Niliwaza kwamba kama hili lilikuwa somo langu la mwisho nao, basi angalau limekuwa zuri. Wazo hilo halikunifariji hata kidogo.

Msichana akaingia na wenzake wawili. Waliweka ugali, wakaweka nyama. Bakuli lenyewe lilikuja mwisho, limefunikwa, amelishika kwa mikono miwili. Afisa akajiweka sawa kwenye kiti, kama anavyojiweka sawa mtu anayejua kinachokuja. Mwalimu mkuu akasogeza glasi za maji kutengeneza nafasi mbele ya mgeni.

Msichana akampita mgeni. Akampita mwalimu mkuu. Akazunguka meza nzima, akainama kidogo, akaliweka bakuli mbele yangu.

"Wewe mtoto," mwalimu mkuu akasema kwa upole, akidhani amechanganyikiwa, "mgeni yuko huku."

"Imondo ni ya mwenye nyumba, Mwarimu Mkuu." Sauti yake ile ya barabarani ilikuwa imepungua, lakini haikutetemeka. "Tulisikia mnataka kumtoa Mwarimu wetu. Tukasema tumpe kabla hajaenda. Ndio maana tuliosha vizuri."

Na mimi asubuhi ile nilikuwa nimemfokea mbele ya mgeni. Hawakuwa wameniharibia somo kwa ajili ya mzee mwenye suti. Walikaa nyuma ya jikoni na chumvi na maji wakasugua firigisi ile mpaka ikang'aa, kwa ajili yangu, mwanamke, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuona nyumbani kwao mwanamke akipewa.

Afisa alinawa mikono taratibu. Akamega ugali. "Mwalimu Mkuu," akasema, "nimekuwa mgeni katika nyumba nyingi. Nyumba yenyewe ikishasema mwenye nyumba ni nani, mgeni hula mguu." Akachukua mguu. "Muhula wa tatu darasa hili libaki lilipo. Hilo nitaliandika."

Mwalimu mkuu akafungua kinywa, nami nilijua methali inakuja, lakini nadhani hakupata inayofaa, kwani alikifunga tena akaanza kula.

Watoto walikuwa bado mlangoni, wanasubiri. Nikafunua bakuli. Miaka yote niliyoisafisha, kuipika na kuibeba, sikuwahi kujua kwamba firigisi ni ngumu hivyo, au pengine ni ukali wa yule tetea. Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta. Niliitafuna polepole, nikaimaliza yote, na sikummegea mtu.